Adoniran Barbosa na samba za maongezi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Adoniran Barbosa ni nani?

Ni mtunzi na mwimbaji wa samba, muziki wa Brazili. Jina alilopewa na wazazi ni João Rubinato. Alizaliwa mwaka 1910 huko Valinhos, jimbo la São Paulo, Brazili, kwa wazazi waliohamia kutoka Veneto, Italia. Alifariki jijini São Paulo tarehe 23 Novemba 1982. Kabla muziki haujaanza kumlisha alihangaika na vibarua vya kila namna: alipeleka vyakula vya mchana kwa wateja, akafanya kazi kiwanda cha nguo, akapaka rangi, akahudumu mezani. Jina la usanii aliliunganisha mwenyewe. Adoniran ni jina la rafiki yake, na Barbosa amelitoa kwa Luiz Barbosa, mwimbaji wa samba aliyesifika kwa kujipigia mdundo juu ya kofia ya majani.

Ushindi wake wa kwanza ulikuwa "Dona Boa", wimbo wa kanivali uliotwaa tuzo São Paulo mwaka 1935. Lakini kilichomweka mjini ni redio. Kuanzia 1941 alikuwa Rádio Record akiigiza sauti: dereva wa teksi, Mwitaliano mlalamishi, mwanafunzi mtundu, na baadaye Charutinho, mvivu wa mtaani katika kipindi cha *Histórias das Malocas* kilichoandikwa na Osvaldo Moles. Hilo likumbuke unaposikiliza. Nyimbo hizi zimetungwa na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuigiza watu wakiongea.

Watu wanasema nyimbo zake ni "za maongezi". Maana yake nini?

Maana yake ni kwamba karibu kila wimbo una mtu mmoja anayemwambia mwenzake jambo, na unaweza kusema wapi wamesimama. Anayeaga yuko mlangoni, saa inakaribia tano usiku. Mafundi wamekaa pembeni mwa barabara na vyombo vyao vya chakula. Jamaa aliyealikwa kwenye samba na kukuta nyumba imefungwa sasa anamsuta mwenyeji. Hakuna anayetangaza kwamba anateseka kwa mapenzi. Utasikia habari za treni, kipande cha karatasi, soksi, utambi wa taa, na huzuni utaikuta humo ndani.

Chukua "Apaga o Fogo, Mané". Inez ametoka nyumbani akisema anakwenda kununua utambi wa taa, anarudi sasa hivi. Mané anawasha jiko, anabandika maji, anasimama getini kumngoja. Giza linaingia. Anatoka kumtafuta mjini, hospitali na mahabusu, hakuna. Akirudi anakuta sakafuni, karibu na jiko, karatasi iliyoandikwa: zima moto Mané, sirudi tena. Zingatia kwamba barua haimtaji mwanamume mwingine wala haitoi sababu. Inamjali kiasi cha kumkumbusha moto tu. Mtunzi mwingine angeongeza beti mbili za kulia. Yeye amefunga duka hapo.

Nianze na wimbo gani?

Anza na "Trem das Onze", yaani treni ya saa kumi na moja kwa hesabu ya Wabrazili, ambayo kwetu ni saa tano usiku. Ndio wimbo wake unaojulikana kuliko wote, uliorekodiwa na kundi la Demônios da Garoa mwaka 1964, na mwaka uliofuata ukashinda shindano la nyimbo za kanivali Rio de Janeiro wakati jiji hilo likiadhimisha miaka 400. Samba ya São Paulo kushinda nyumbani kwa wenye samba haikuwa jambo dogo.

Kisha fuata mpangilio huu, wimbo mmoja kwa siku, usikimbie:

"Samba do Arnesto" kwa kucheka. "Saudosa Maloca" kwa kisa. "Iracema" ukiwa umetulia, kwa sababu inauma. "Torresmo à Milanesa" wakati wa chakula cha mchana. "Tiro ao Álvaro" aliyoimba na mwimbaji Elis Regina, kwa raha ya sauti mbili zinazotaniana. "Prova de Carinho" mwisho.

Wengi huanza na orodha ya nyimbo hamsini zilizopangwa na programu ya simu, na kufikia wimbo wa sita zote zinasikika sawa. Mdundo unafanana kweli. Kinachozitofautisha ni kisa, na kisa hakiingii masikioni mkiwa kwenye foleni ya magari.

"Trem das Onze" inasema nini, kwa kifupi?

Mwanamume anamwambia mpenzi wake kwamba hawezi kukaa hata dakika moja zaidi. Anaishi Jaçanã, kaskazini mwa jiji, na akiikosa treni inayoondoka sasa hivi, nyingine ni kesho asubuhi. Halafu anaongeza sababu, kama afanyavyo mtu anayeona ya kwanza haikutosha: mama halali mpaka yeye afike. Na tena: yeye ni mtoto wa pekee. Na tena: ana nyumba ya kuangalia.

Je, anasema kweli au anatafuta njia ya kuondoka? Wimbo hausemi. Ndiyo maana watu wazima huusikiliza miaka arobaini bila kuuchoka. Msikilizaji mmoja anasikia mtoto mwenye adabu, mwingine anasikia visingizio vinne mfululizo.

Reli yenyewe ilikuwepo. Ni ile ya Cantareira, yenye treni ndogo zilizohudumia vitongoji vya kaskazini, na huduma ya Jaçanã ilikoma mwaka 1965, wimbo ukiwa bado moto moto. Adoniran mwenyewe hakuwa mkazi wa Jaçanã. Jina hilo lilimfaa kwa vina: *Jaçanã* inafungana na *amanhã de manhã*, kesho asubuhi. Mtaa mzima umepata umaarufu kwa sababu ya irabu moja ya puani.

Mbona tafsiri ya simu inaniletea upuuzi mtupu?

Kwa sababu hakuandika Kireno cha shuleni. Aliandika kama walivyoongea watu wa Brás, Bixiga na Mooca, mitaa ya São Paulo: watoto wa Waitaliano, watu weusi wa mjini, na wakulima waliotoka bara na lafudhi yao. Programu ya kutafsiri inakutana na neno isilolijua, inalibahatisha.

Mfano mbaya kuliko yote ni *nóis fumo* katika "Samba do Arnesto". Maana yake ni "tulikwenda", kwa Kireno sanifu *nós fomos*. Lakini *fumo* katika kamusi ni moshi au tumbaku, kwa hiyo simu inaweza kukwambia kwamba jamaa walikuwa wakivuta. Kisa kizima kimeharibika hapo: walialikwa Brás kwa Arnesto, wakaenda, hawakumkuta mtu, wakarudi na hasira.

Njia ya kuitengeneza ni kusahihisha maneno kabla hujayaingiza kwenye programu. Fanya hivi. Kwanza, palipo na *r* kabla ya konsonanti nyingine, jaribu *l*: *arto* inakuwa *alto* (refu), *vortemo* inaelekea *voltamos* (tulirudi). Pili, *r* iliyoingia nyuma ya *f* pia jaribu kuigeuza: *frechada* ni *flechada*, pigo la mshale. Tatu, viishio vya *-emo* kwa "sisi" vibadili kuwa *-amos*. Nne, *nóis* siku zote ni *nós*. Tano, *reiva* ni *raiva*, hasira. Sita, *táuba* ni *tábua*, ubao. Herufi zimepishana tu. Ukimaliza hayo, tafsiri inakaa sawa kwa sehemu kubwa.

Halafu kuna wingi. Katika Kireno cha mtaani, alama ya wingi inawekwa kwenye neno la kwanza na yaliyobaki yanaachwa. Msikilizaji wa Kiswahili aliyewahi kusikia "kitu yangu" ya Nairobi anajua mara moja ni hali gani: sarufi ya kitabuni imevuliwa viatu, na anayeongea hajioni amekosea.

Je, alikosea kwa kutojua?

Hapana. Aliweza kuandika Kireno kilichonyooka. "Bom Dia, Tristeza", ambayo maneno yake ni ya mshairi Vinicius de Moraes na muziki ni wake, haina kosa hata moja la mtaani. Makosa aliyapanga kwa kipimo. Katika "Tiro ao Álvaro" alicheza na *tiro ao alvo*, mchezo wa kulenga shabaha. Shabaha ikageuka mtu anayeitwa Álvaro. Mwimbaji anamwambia mwanamke kwamba kifua chake kimechomwa sana na macho yake hata kinafanana na ubao wa kulengea. Ukiandika *tábua* badala ya *táuba*, utani wote unalala.

Serikali ya kijeshi haikuona hivyo. Mwaka 1973 wakaguzi waliizuia "Tiro ao Álvaro" pamoja na nyimbo zake nyingine kadhaa, kwa madai kwamba lugha yake haina ladha. Haikuwa na neno la siasa ndani yake. Kosa lilikuwa matamshi. Wimbo ulikuwa umetungwa tangu mwaka 1960. Mwaka 1980 akaurekodi na Elis Regina, maneno yakiwa vilevile, na toleo hilo ndilo linalopigwa hadi leo.

Anayeimba ni yeye au ni Demônios da Garoa? Nachanganyikiwa.

Ni haki yako kuchanganyikiwa. Demônios da Garoa, "mashetani wa manyunyu", ni kundi la São Paulo lililoanzishwa 1943, na ndilo lililozifanya nyimbo za Adoniran zipendwe. "Saudosa Maloca" aliirekodi mwenyewe mwaka 1951, haikwenda mbali. Demônios waliporudia mwaka 1955 ikawa wimbo wa jiji.

Kuzitofautisha ni rahisi. Ukisikia sauti kadhaa za kiume zikiimba pamoja kwa furaha, na mwanzoni au mwishoni kuna maneno ya mdomo yasiyo na maana, ya kuiga ala, hao ni Demônios. Mchezo huo wa mdomo ni wao. Ukisikia sauti moja nzito, iliyokwaruzwa na sigara, inayovuta maneno kama mzee aliyekaa kibarazani na hana haraka, huyo ni Adoniran.

Ipi bora? Kwa kucheza, Demônios. Kwa kisa, mwenyewe. Linganisha "Iracema" za pande zote mbili, utaona. Mwanamke amegongwa na gari akivuka Avenida São João, zikiwa zimebaki siku 20 harusi ifike. Mchumba anamlaumu kidogo: nilikwambia uwe mwangalifu ukivuka. Katikati ya wimbo uimbaji unasimama na maneno yanasemwa tu. Mwisho anasema amebaki na soksi zake na viatu vyake, lakini picha yake ameipoteza. Kundi likiimba, ni wimbo wa huzuni. Mzee akiimba peke yake, unataka kumpisha kiti.

Ninunue au nitafute rekodi zipi?

Albamu zake mwenyewe ni chache kwa sababu alipata nafasi akiwa amechelewa. Ya kwanza kamili ilitoka 1974, chini ya lebo ya Odeon, akiwa na miaka zaidi ya sitini. Ya pili 1975. Zote mbili zinaitwa kwa jina lake tu, *Adoniran Barbosa*, kwa hiyo tazama mwaka kabla hujalipa, la sivyo utanunua moja mara mbili. Ya tatu ni ya 1980, akiwa na waalikwa: Elis Regina, Clara Nunes, Clementina de Jesus, Djavan, Gonzaguinha na wengine.

Ukiwa na bajeti ya moja, chukua ya 1974. Sauti yake iko karibu, ala hazimsongi.

Unapotafuta mtandaoni, mambo matatu huwapotosha watu. Programu husahihisha "Álvaro" kuwa "alvo", ukaletewa mambo ya bunduki. Ongeza jina Adoniran. Wimbo wa "Viaduto Santa Ifigênia" huandikwa pia "Efigênia", jaribu zote. Na alama juu ya herufi si lazima: "jacana" bila alama inakubalika, ila peke yake itakuletea ndege wa majini mwenye vidole virefu, kwa kuwa mtaa umepewa jina la ndege huyo.

Majina haya yanatamkwaje?

Kwa msomaji wa Kiswahili si kazi ngumu, irabu nyingi zinafanana. *Nh* ni *ny* ya nyumba. *Lh* ni *ly*. *Ç* ni *s*. *X* ya Bixiga ni *sh*: Bishiga. *R* ya mwanzo wa neno hutoka kama *h* nzito, kwa hiyo Rubinato inaanza kama "Hubi-". *O* ya mwisho isiyo na mkazo inakuwa *u*, na *e* inakuwa *i*: *onze* ni "onzi". Herufi zenye wimbi juu, *ã* na *õ*, zinapitia puani. Jaçanã inamalizika kama unayeanza kusema "ng'" ukaghairi. *J* ni laini, ulimi haugusi juu, si *j* ya jembe.

São Paulo wanaacha *s* ya mwisho iwe *s*. Rio wanaifanya *sh*. Ukiimba Adoniran kwa *sh* za Rio, Wapaulista watakucheka.

Naweza kupiga mdundo wake bila ala?

Unaweza, na kwa kiberiti. Wanasamba wamekifanya kiberiti kuwa ala kamili. Cyro Monteiro, mwimbaji wa Rio, alikuwa anasifika nacho. Hakuna ala ya Brazili iliyo karibu zaidi na mkono wako.

Chukua kiberiti kidogo cha kawaida. Toa njiti mpaka zibaki kama nusu, pungufu kidogo. Kikijaa kinakuwa bubu, kwa sababu njiti zimebanana na hazichezi. Kikiwa kitupu kinatoa sauti ya karatasi. Kisiwe na unyevu. Cha pwani kilichokaa jikoni kikaanike juani kwanza.

Kishike kwa mkono wa kushoto, kidole gumba upande mmoja na cha kati upande wa pili, kwa wepesi, kiganja kikibaki na uwazi chini yake. Uwazi huo ndio tumbo la ngoma. Vuta kisanduku cha ndani kitoke kama sentimita moja: sauti inafunguka. Mkono wa kulia unapiga uso mpana kwa ncha za kidole cha shahada na cha kati. Mkono wa kushoto unatikisa kidogo kidogo bila kukoma, ili njiti ziseme "chaka-chaka" chini ya mapigo.

Sasa hesabu. Mzunguko mmoja una nafasi 16. Gonga kwenye ya 1, 3, 5, 7, 8, 10, 12, 14 na 15. Ni migongo 9 na mapengo 7. Ukiandika x kwa kugonga na nukta kwa kuacha:

x . x . x . x x . x . x . x x .

Mguu wako ukanyage kwenye 1, 5, 9 na 13. Utagundua kwamba katika nusu ya kwanza mkono na mguu vinakutana, na katika nusu ya pili havikutani hata mara moja: 9 na 13 ziko tupu. Hapo ndipo wanaojifunza huanguka. Mkono unataka kuufuata mguu, na mdundo unageuka kuwa gwaride.

Dawa yake: acha kiberiti kwanza. Kanyaga mguu polepole, mkanyago mmoja kwa sekunde, na sema mdundo kwa mdomo, "ta" kwa x na kimya kwa nukta, mpaka mdomo uende wenyewe. Kisha piga makofi. Kiberiti kije mwisho. Usiongeze kasi kabla hujaweza mizunguko kumi mfululizo bila kupotea. Na usigonge kwa nguvu. Ala hii ni ya mezani, inapigwa kwa sauti ya kuongea.

Mdundo huo ulitoka Afrika?

Ndiyo, na si kwa maana ya jumla tu. Mfululizo huo wa nafasi 16 wenye migongo 9 unapatikana mashariki mwa Angola na maeneo jirani ya kusini mwa Kongo na kaskazini-magharibi mwa Zambia, ambako unajulikana kama kachacha. Mtafiti Gerhard Kubik aliulinganisha na samba akaona ni ule ule. Wasomaji wetu wa Katanga wakisikiliza kiberiti cha samba huenda wakaujua kabla hatujamaliza kueleza.

Waliochukuliwa utumwani kutoka Kongo na Angola waliacha maneno pia. *Caçula*, mtoto wa mwisho, ni la Kimbundu. *Moleque*, kijana mtundu, vilevile. *Quitanda*, kibanda cha kuuzia matunda na mboga, nalo ni la Kimbundu, basi usije ukadhani ni kitanda cha kulalia.

"Torresmo à Milanesa" ni chakula kweli?

*Torresmo* ni ngozi ya nguruwe yenye mafuta yake, iliyokaangwa mpaka ikakauka na kuvunjika mdomoni. *À milanesa* ni kupaka yai na chenga za mkate kisha kukaanga, kama inavyofanywa kwa nyama laini. Kuipaka chenga ngozi ambayo tayari ni kavu ni sawa na kuvaa koti la mvua wakati mvua imekwisha kunyesha. Utani ndio huo: fundi anajivunia chakula cha kifahari ambacho mke wake, Tereza, amemtungia.

Wimbo wenyewe, alioutunga na Carlinhos Vergueiro, ni mapumziko ya chakula mjengoni. Jembe linagongwa, ni saa tano, watu wanatua kazi. Mmoja anauliza: umeleta nini kwenye chombo chako? Yai la kukaanga. Na wewe? Wali na maharage, na hiyo torresmo. Wanakula wamekaa barabarani, wanazungumzia mambo wasiyoyaelewa, wanavuta sigara, wanatembea kidogo chakula kishuke. Halafu, katikati ya raha, habari inapita: nyapara amesema leo hakuna kukopeshwa malipo. Inasemwa mara moja na maisha yanaendelea. Sikiliza Clementina de Jesus akiingia hapo katika rekodi ya 1980; ana sauti ya mtu ambaye amekwisha kupika wali huo.

"Maloca" ni nini, na hao Joca na Matogrosso ni akina nani?

*Maloca* katika São Paulo ya wakati ule ni makazi ya kujibanza ya watu wasio na kitu: kibanda, au gofu walilojiingiza. Katika "Saudosa Maloca" msimulizi anamwonyesha mgeni jengo refu na kumwambia, hapo palikuwa na nyumba ya zamani, ndipo mimi, Matogrosso na Joca tulipojenga maisha yetu. Siku moja wakaja watu na vifaa. Mwenye kiwanja ametoa amri ibomolewe. Wanatoka na vitu vyao, wanasimama barabarani kutazama. Kila ubao ukianguka, moyo unauma.

Matogrosso anataka kupiga kelele. Msimulizi anamtuliza: wenzetu wana haki yao, tutapata mahali pengine. Kuna wanaomlaumu mtunzi kwa upole huo. Tunaona wanakosea. Mtu asiye na hati ya kiwanja, akiwa amesimama mbele ya wabomoaji, ndivyo anavyoongea na rafiki yake mwenye hasira ili asipigwe. Na wimbo haukubali kuliwazwa: mwishoni wanalala kwenye nyasi za bustani.

Baadaye alirudia mada hiyo bila kuzunguka katika "Despejo na Favela", ambapo ofisa wa mahakama analeta karatasi ya kuhamisha watu.

Nataka kuimba nyimbo hizi jukwaani au kuzitafsiri. Naruhusiwa?

Haziko huru. Sheria ya Brazili ya mwaka 1998 inalinda kazi kwa miaka 70 tangu Januari mosi inayofuata kifo cha mtunzi. Adoniran alifariki 1982, kwa hiyo nyimbo alizotunga peke yake zinalindwa hadi mwisho wa 2052. Wimbo wenye watunzi wawili huhesabiwa kuanzia kifo cha yule aliyeondoka mwisho. Kuimba nyumbani au kujifunzia hakuna tatizo. Kwa jukwaa la kulipia, kurekodi au kutoa tafsiri ya kuimbwa, zungumza kwanza na chama cha hakimiliki cha nchi yako, kwani ndicho kinachowasiliana na wenzao wa Brazili.

Ukitafsiri kwa matumizi yako, usiisafishe lugha. Kiswahili cha taarifa ya habari kitaiua "Samba do Arnesto". Msimulizi anamwambia Arnesto kwamba angeacha japo kikaratasi mlangoni. Hilo lisemwe kama jirani anavyolisema, na kinyongo kidogo.

Katika "Prova de Carinho" anasema ametengeneza pete kwa kamba ya mi ya cavaquinho. Inawezekana?

Cavaquinho ni gitaa dogo la kamba nne za chuma. Kwa mtindo ulioenea zaidi hufungwa, kuanzia nene kwenda nyembamba, re, sol, si, re. Hapo hakuna mi. Lakini kuna wapigaji wanaoifunga kamba nyembamba hatua moja juu, re, sol, si, mi, kama kamba nne nyembamba za gitaa, hasa wale walioanzia kwenye gitaa na hawataki kujifunza vidole upya. Basi mwanamume wa wimbo huu ni wa kundi hilo.

Kamba hiyo ni nyembamba, ya chuma kitupu, isiyozungushiwa waya. Inajikunja kuwa pete bila shida, ila ncha yake inachoma. Lazima irudishwe ndani mara mbili. Na ni kamba inayobeba sauti ya juu, ile inayoimba. Ndiyo maana analalamika kwamba tangu ampe mwanamke pete hiyo amekosa serenadi nyingi: cavaquinho haliwezi tena kulia. Dukani kamba moja ni bei ndogo, angeweza kununua nyingine. Wimbo haugusi kabisa jambo hilo.